Jirani amempa mtoto jina la Jihadi: neno hili lina maana gani?

Mkazi wa Igoma, Mwanza
Ndugu zangu, mimi ni Mkristo, na jirani ninayepakana naye ukuta ni Mwislamu ambaye tumefaana kwa miaka mingi katika misiba na sherehe. Juma lililopita nilikwenda kumpa hongera ya uzazi, nikiwa na kilo mbili za sukari na doti ya khanga, akaniambia kuwa mtoto ameitwa Jihadi. Nilipolitaja jina hilo nyumbani, shemeji yangu aliacha kula, akauliza kama wale watu wanalea gaidi. Sikuwa na la kumjibu, na jambo hilo linanisumbua hadi leo. Je, Waislamu wenyewe wanalielewaje neno hili, na je, wanalielewa kwa namna moja?

Mwalimu wa madrasa, Kirumba
Dada yangu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Neno hili unalo mdomoni kila siku, kwa kuwa juhudi na jitihada zimetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu. Katika Sura Luqman, aya ya 15, mzizi huo umetumika hata kwa wazazi washirikina wanaomshurutisha mtoto wao amshirikishe Mungu, yaani aabudu kingine pamoja naye, na mtoto anaagizwa asiwatii katika hilo, ila akae nao kwa wema. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea pia kwamba mtu mmoja alimwomba Mtume ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaambiwa jihadi yake iwe kwao. Jihadi kubwa ni kupambana na nafsi, na hayo ya vita ni uzushi wa wasiotupenda.

Msomaji wa fiqhi, Nyamagana
Ustadhi, kuhusu lugha niko pamoja nawe, lakini sentensi yako ya mwisho siikubali. Hadithi unayoitegemea, ya kurejea kutoka jihadi ndogo ya vita kwenda jihadi kubwa ya nafsi, ina sanadi dhaifu, yaani mlolongo wa wapokezi wake si imara, na mwanazuoni Bayhaqi mwenyewe aliyeipokea amelisema hilo. Fungua vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vikiwemo vya madhehebu yetu ya Shafii: mlango wa jihadi unazungumzia vita. Tukimficha dada huyu, kesho atajisomea na kuona kwamba tulimdanganya. Anachostahili kuelezwa ni masharti na mipaka. Sura Al-Baqara, aya ya 190, inaamuru kupigana na wanaowapiga Waislamu na inakataza kuvuka mipaka, na katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imamu Malik, umo wasia wa Abubakar, khalifa wa kwanza, kwa jemadari wake, kwamba asiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala asikate mti wenye matunda. Wanazuoni walihitilafiana kama sababu ya vita ni ukafiri au ni uadui, na wengi wao walishika kauli ya uadui. Hata hivyo, waliolipua bomu kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 11 hawana kauli ya kujifichia katika hitilafu hiyo, kwa sababu pande zote mbili zinaharamisha kukusudia kuua wanawake na watoto wasiopigana.

Mwalimu wa madrasa, Kirumba
Umenirekebisha kwa haki, nami nakubali. Nilitaka kumtuliza dada yetu, nikapunguza yaliyomo.

Mkazi wa Igoma, Mwanza
Jana nilimuuliza jirani mwenyewe. Jina ni la babu mzaa baba, aliyekuwa fundi wa mitumbwi Ukerewe. Shemeji nimemsomea majibu yenu yote, na lile la pili ameniomba nilirudie.