Naomba ushauri: wanafunzi wangu, sokwe na dawa ya mjonso

Habari za majukumu, ndugu wanachama. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari hapa Ilemela, Mwanza, na klabu yetu inajadili yale ambayo binadamu tunafanana na wanyama wengine. Nimewaeleza kuhusu sokwe wa Hifadhi ya Mahale, mkoani Kigoma, ambao wakiugua minyoo humenya chipukizi la mjonso (mti mdogo wenye majani machungu), wakatafuna kiini chake kichungu na kufyonza maji yake, ilhali Watongwe wa huko nao hutumia mmea huohuo kutibu tumbo. Ubishi ukazuka: je, watu walijifunza kwa sokwe, au kila mmoja aligundua kivyake? Sipendi kuwalisha hadithi kama sayansi.

Nimewapeleka kisiwani Saanane kuwatazama tumbili, lakini kuhusu tumbili aliyenyoosha mkono kwenye mfuko wa karanga waliandika tu "mwizi" (nilicheka, nakiri), badala ya kueleza alichofanya.

Mliowahi kufundisha au kutafiti, mnawazoezaje wanafunzi kutenganisha walichokiona na wanachokikisia bila kuua udadisi wao? Na je, sato jike wa bwawani, anayeatamia mayai mdomoni, atafaa zaidi kwa zoezi hilo kuliko tumbili?