Hii Coaster ni nyumba yangu, sio basi la ukoo. Nimechoka!

Wakuu, habari za muda huu.

Mods, tafadhali msiupeleke huu uzi jukwaa la magari. Gari langu halina shida. Wenye shida ni ndugu zangu, na najua wengine wamo humu humu wanapita kimya kimya. Vizuri, someni.

Mimi ni mstaafu wa serikali, nimetoka kazini kwa ile miaka 60 ya lazima. Nimeangukia kwenye kikokotoo cha asilimia 33, yaani kiasi cha mafao unacholipwa kwa mkupuo ukistaafu, kile kilichoanza Julai 2022, kabla hawajapandisha hadi 40. Waliotutangulia walichukua nusu nzima wakajenga gesti, sisi tukapewa theluthi na pole. Hayo nimeshayalia, siyarudii. Kwa hiyo theluthi yetu mimi na mama watoto tukafanya jambo letu. Tukanunua Coaster iliyochoshwa na ruti za Mbeya mjini, injini ya 1HZ ikiwa bado nzima. Tukang'oa viti vyote vya abiria. Tukabadilisha kadi, na namba zikatoka nyeupe za biashara kwenda njano za binafsi. Seremala akatupigia kitanda cha tano kwa sita nyuma, meza ya kukunja na kabati. Tukafunga jiko la gesi la pleti mbili, tangi la maji chini ya kitanda, sola juu ya bodi, betri mbili na inveta. Nyumba ya Uyole tumepangisha. Kodi yake ndiyo dizeli, pensheni ndiyo chakula.

Nisikilizeni hapo, maana ndipo watu wanapokwama: hatuna pengine pa kulala. Gari likiondoka, mimi na mke wangu tuko nje.

Kwa nini tusitulie Uyole kama wazee wengine? Kwa sababu watoto wametawanyika. Wa kwanza yuko Iringa, Kihesa. Binti yuko Mafinga na mumewe wa biashara ya mbao. Mwingine yuko Njombe, huko huko kwa wajomba zake, maana mama yao ni Mbena. Dada yangu mkubwa yuko Tukuyu. Wote wamepanga vyumba viwili na sebule, wana watoto, na kila tukienda kuwatembelea wajukuu wanalala chini sebuleni ili bibi na babu wapate kitanda. Halafu kuna jambo ambalo vijana wa humu mtacheka, chekeni tu. Mimi ni Mnyakyusa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawakutani ovyo. Zamani mkamwana akimwona baba wa mumewe anakuja, aliacha njia akaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Siku hizi tumelegeza, tunasalimiana, chakula anaandaa nakula. Lakini kupishana naye mlango wa bafu saa kumi na moja alfajiri nimejifunga taulo? Hapana kwa kweli. Kwa hiyo naegesha uwanjani, nakula nao, nacheza na wajukuu, usiku narudi kwangu. Mkamwana wangu wa Iringa ndiye mtu pekee katika ukoo mzima aliyeshukuru. Aliniambia, "Baba, safari hii hata mimi nimelala."

Wengine sasa.

Kwanza yalianza maneno. Kwenye kundi la ukoo mtu akaandika, "Mzee fulani amefilisika, anaishi kwenye gari kama utingo." Akafuata mwingine kuuliza nani amemroga. Nikanyamaza. Kikaitwa kikao, nikaenda, nikaulizwa kama nimeuza nyumba ya Uyole. Nikawaonyesha mkataba wa mpangaji. Mnajua nilichojibiwa? "Sawa, lakini mbele ya watu haipendezi."

Mbele ya watu gani? Hawa hawa ambao likipita lile lori la wazungu linaloingia kutoka Malawi kwa Kasumulu, lenye kitanda na jiko ndani, mzee wa miaka sabini kavaa kaptula, wanapiga nalo picha na kuandika "haya ndiyo maisha"? Mzungu akilala kwenye gari anafurahia kustaafu. Mimi nikilala kwenye la kwangu nimerogwa.

Haya, nilivumilia. Kilichonileta hapa ni Tukuyu.

Tulikuwa kwa dada. Siku ya Sabato tukaenda kanisani kwa miguu, ni karibu. Ufunguo wa gari huwa unabaki kwa dada kwa sababu anatumia friji yetu ndogo kuhifadhi dawa yake. Ibada imeisha, tunapandisha kilima, nikaona kwa mbali kitu cheupe kimeegemezwa kwenye mgomba. Mama watoto akaniambia, "Lile si godoro letu?"

Ndilo. Tukuyu, wakuu. Mji ambao mvua haiombi ruhusa. Godoro limeloa upande mmoja. Sufuria za mke wangu zimepangwa chini ya mparachichi kama za mnadani, na kuku anatembea juu ya mfuko wa unga. Bolti za kitanda zimewekwa kwenye kopo la siagi, meza imeng'olewa, na ndani wamepanga mabenchi. Vijana watatu na spana, na mtoto wa dada yangu amesimama mlangoni anaelekeza jinsi ya kukaa. Kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa ukoo anayeolewa, huko Kyela jioni ile, basi walilokodi halikupatikana, na mtu akapata akili kwamba "la mjomba lipo tu".

Nikaingia ndani, nikasikia harufu. Mpira wa gesi ulikuwa umekatwa kwa kisu. Hawakufungua, wamekata, kile kisu cha kumenyea ndizi bado kiko juu ya kabati. Na mtungi haukufungwa mpaka mwisho. Na mmoja wao nje anavuta sigara.

Sijawahi kupiga kelele mbele ya dada yangu tangu tuwe watoto. Siku ile nilipiga.

Mpwa wangu akanijibu kwa upole kabisa, "Mjomba, tungerudisha kila kitu kabla hujalala. Wala usingejua." Wala nisingejua! Watu ishirini na kitu kwenye mabenchi yasiyofungwa, ndani ya gari ambalo bima yake haihusu abiria hata mmoja, washuke nalo mpaka Kyela, warudi usiku wamelewa wanapandisha kwenye ukungu. Dada naye akaongeza, "Mdogo wangu, mtu ananunua gari kwa ajili ya nani kama si ndugu?" Na mchango wa sendofu hiyo hiyo nilikuwa nimeshautoa, laki moja taslimu, nikaandikwa kwenye daftari.

Hawakwenda nalo. Waliishia kwenye Noah mbili. Tangu siku hiyo mimi ni mzee mwenye roho mbaya.

Nimalizie na mengine haraka, maana nikianza kuyachambua tutakesha. Shemeji mmoja wa Njombe aliomba "kipande kidogo cha nafasi" kupeleka viazi Mbeya. Nikitoka msalani nakuta magunia matatu ya lumbesa juu ya kitanda. Mnaijua lumbesa, ile inayopita kilo mia na kofia yake juu. Fremu ikapinda, tangi la maji chini likapasuka. Viazi vilifika. Tangi nikanunua mwenyewe.

Kwenye misiba ndiyo usiseme. Mimi msiba siukimbii, gari langu limebeba wazee wasioweza kutembea, limebeba wamama wa kupika, na nikiambiwa kuna mgonjwa usiku nawasha bila kuuliza. Lakini kuna tofauti ya kuombwa na kupangiwa. Siku hizi nasikia tu kwenye kundi: "Usafiri upo, wa mzee." Mzee mwenyewe niko Ilula nanunua nyanya, sina habari nani kafariki. Mara moja waliniambia nitoe kitanda jeneza likae vizuri. Mke wangu analala pale!

Mwenye nyumba wa binti yangu Mafinga naye, nimechomeka waya kuchaji betri siku ambayo jua halikutoka, akadai nilipe umeme wa mwezi mzima wa LUKU kwa nyumba nzima. Lodji moja barabarani, nataka kuegesha tu uani na kuoga, natozwa chumba kamili "kwa sababu mko wawili". Na askari mmoja aliniweka juani akiuliza abiria wako wapi na kibali cha kubeba abiria kiko wapi. Nikamfungulia mlango. Akaona kitanda, kanga ya mke wangu imeanikwa, sufuria ya makande jikoni. Akauliza, "Sasa mzee, hili niliandike ni gari gani?" Namba za njano, kadi imebadilishwa, lakini bado tulisimama pale mpaka makande yakapoa. Yule angalau alicheka mwisho.

Mnajua nani hajanisumbua hata siku moja? Madereva wa malori. Makambako tunalala katikati yao, upepo wa pale unatikisa gari usiku kucha, na asubuhi kuna mtu anagonga kuuliza mzee umeamkaje, umepata maji ya moto? Mtu wa Tunduma asiyenijua ameelewa kwamba pale ndani pamelala wazee. Mtoto wa dada yangu niliyemlipia ada ya sekondari hajaelewa.

Kwa hiyo natangaza hapa, na katibu wa ukoo nakuomba uhamishie kule kwenye kundi maana najua unasoma:

Viti vya mbele vipo viwili, mimi dereva na mke wangu tumeshavijaza. Mgonjwa, mzee na mjamzito tutabanana, nipigieni saa yoyote. Mizigo hapana. Sendofu, kipaimara, kumpokea fulani Songwe uwanja wa ndege, hapana. Msiba niulizeni kwanza, mimi, kwa simu, na sio kunitangaza. Ufunguo hauachwi tena kwa mtu, hata kwa dada. Dawa zake nimemnunulia friji yake.

NYONGEZA: nimeona maswali huko chini, najibu yale ya maana.

Aliyeuliza choo: ndoo yenye mfuniko na pumba za mbao. Ukipita Mafinga kwenye viwanda vya mbao za Sao Hill unajaza viroba, wengi wanakupa bure. Ukimwagia vizuri hakuna harufu. Unakwenda kumwaga kwenye choo cha shimo cha wenyeji, kwa ruhusa.

Aliyeuliza baridi ya Njombe mwezi wa saba: blanketi nzito na kapeti sakafuni, basi. Jiko la mkaa usiingize ndani ya gari kulala nalo hata kama unatetemeka, ule moshi usioonekana unaua mtu usingizini. Gesi tunazima kwenye mtungi kila usiku.

Anayesema mlima Kitonga, ule wa kona kali huko Iringa, tunapitaje na gari kuukuu: kushuka ni gia ya chini tangu juu kabisa, breki unazigusa tu. Nani ana haraka? Nimestaafu. Ndiyo maana pia sitaki watu ishirini ndani. Mteremko wa Inyala kule Mbeya, kwa ajali zake, tunaujua wote.

Na wewe uliyeandika "mzee uza hiyo Coaster ulee wajukuu": wajukuu ndio wanaogombania kulala humu. Soma uzi kabla ya kujibu.

Sasa ombi langu. Natafuta fundi wa kuchomelea, Iringa au Mbeya, anayejua bodi za mabasi. Nataka fremu ya kitanda, kabati na miguu ya meza vyote vichomelewe kwenye sakafu, sitaki bolti hata moja inayofunguka kwa spana. Na mlango wa nyuma uwekewe komeo la ndani. Mwenye fundi wa uhakika aweke eneo na bei hapa hapa, sio inbox, ili na ndugu zangu waone.