Wenye RAM ndogo: tupeane uzoefu wa kupima mameneja wa madirisha kwenye Linux

#1
Wakuu, naomba tukusanye uzoefu hapa, hasa wenye laptopu za RAM 2 GB kushuka chini mnaotumia mameneja wa madirisha (programu zinazopanga madirisha kwenye skrini) kama Openbox, IceWM, JWM, i3, dwm na wenzao. Kila siku mtu anatupia picha ya skrini kujisifia MB chache, ila hasemi alipimaje. Ukichangia, taja ulipima kwa kitu gani.

Naanza. Niko Openbox juu ya Debian. Safu ya RES (RAM iliyoshikwa na kila programu) kwenye htop, ile orodha ya programu zinazoendelea, usiijumlishe hata siku moja, maana inahesabu na maktaba ambazo programu zinachangia. Maktaba iliyochukua MB 6 ikitumiwa na programu tatu, RES inaiandika kwa kila moja: unapata 18, na kwenye RAM ipo moja tu. Mimi naangalia PSS, inayoigawa ile 6 kwa watatu, kila mmoja anabeba 2. Smem inaionyesha, ps_mem nayo inaitumia. Usipotaka kuinstali kitu, soma /proc/PID/smaps_rollup (PID ni namba ya programu), ipo tangu kernel 4.14.

#2
Mkuu umenena. Ila Openbox haiji na paneli (ule mwambaa wa programu zilizofunguka). JWM na IceWM paneli na menyu vimo humo humo, kwa hiyo kuzilinganisha na Openbox tupu ni kuzionea. Ongeza paneli kama tint2 kwanza ndiyo tuongee.

Mimi nina JWM kwenye Puppy Linux. Nawasha upya, naacha mashine itulie, halafu `free -m`, jicho kwenye available (RAM ambayo programu bado zinaweza kuipata). Ile safu ya free inatisha watu bure. Linux inageuza RAM iliyokaa kuwa kache ya diski, programu ikiihitaji inaachiwa.

#3
Kuna kitu hamjakigusa: Xorg, programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini. Ukiweka picha ya nyuma kwa feh, feh yenyewe inamaliza kazi na kuondoka, kwenye htop huioni tena. Picha imebaki kwa Xorg. Skrini ya 1366×768, baiti 4 kila pikseli, ni MB 4 na ushee. 1920×1080 ni MB 8. Mimi naweka rangi moja kwa `xsetroot -solid` na maisha yanaendelea. Mkitaka kuona nani kahifadhi nini huko, xrestop.

#4
i3 hapa, RAM 4 GB. Nikifungua Firefox na tabo zangu za kazini, tofauti ya i3 na Xfce (mazingira kamili ya desktop) siioni. Kilichoniokoa ni zram, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe.

#5
#4, kwa 4 GB nakubali. Mwenye 1 GB, MB 100 zikipatikana ndizo zinazoamua kama LibreOffice itafunguka bila diski kuanza kukoroma.

Wa Sway na labwc mko wapi? Huko hakuna Xorg pembeni, kazi yake imo ndani ya programu ile ile inayopanga madirisha. Mkileta namba, na sisi wa Openbox tujumlishe Xorg kwenye zetu.