Tupeane uzoefu: udongo wa shamba lako umekufunza nini?

Binti Mtambwe
Assalam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Masika yanakaribia, na kila siku nasikia watu wakiulizana mbegu gani, mbolea gani. Wa kuuliza amesimama juu ya ardhi gani ni wachache. Naanza mimi.

Nimezaliwa Mtambwe, Pemba. Kwetu vilima na mabonde, ukichimba unazama tu, udongo mwekundu mpaka kiunoni. Nilipoolewa Makunduchi, kusini-mashariki ya Unguja, nilikuja na vichipukizi sita vya migomba. Jembe la kwanza likalia ngaa! Jiwe. Nikasogea hatua mbili, jiwe. Nikaipanda hivyo hivyo. Masika ikapendeza, kaskazi ilipochacha ikalala yote sita. Pemba mvua ni kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, Unguja 1,600 hivi, na huku mashariki hupungua. Tena mvua ikinyesha maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, maji hayakai, yanapotelea chini ya matumbawe.

Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, alinichukua kondeni na muo wake, kijiti cha kuchimbia. Anachomeka kwenye kila mwanya wa jiwe, anapima. Ukizama hadi kwenye kiwiko, hapo mpapai. Ukizama kiganja tu, kunde au choroko. Kote nilikoona mawe matupu yeye alikuwa na mashimo anayoyajua mmoja mmoja. Ule udongo ni mweusi, wa majani yaliyooza, mchache lakini una nguvu. Ndiyo maana konde likishalimwa misimu michache huachwa miaka lirudie kichaka. Siku hizi tunalirudia mapema mno, na kuni zinakatwa, na moto unaachiwa. Hilo linaniuma sana.

Na nyinyi je?

Wa Kiboje
Waaleikum salaam dada. Sisi baba alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964. Eka tatu hizo zina ardhi tatu: juu udongo mwekundu wa kinongo, katikati mchanga, chini bopwe, yaani pabichi panapotuama maji. Mimi nilidhani shamba ni shamba. Nikatia miche ya mikarafuu mpaka kule chini, kwa sababu kulikuwa kubichi. Mwaka wa pili ikaanza kukauka kuanzia nchani. Nikang'oa mmoja: mizizi myeusi, inanuka. Mkarafuu unataka udongo wa kina unaopitisha maji, hautaki kusimama ndani ya maji. Iliyokuwa juu kwenye kinongo ipo hadi leo. Kule chini nimeweka majimbi, na sijawahi kujuta.

Kabla ya kupanda mti sasa nachimba shimo, nalijaza maji jioni. Asubuhi nikiyakuta bado yamo, mkarafuu haupandwi hapo.

Mzee wa Bondeni, Pemba
Wanangu, mimi nalima mpunga karibu na mikoko. Mwaka mmoja bamvua, maji makuu ya bahari, lilivuka tuta usiku. Asubuhi bonde linang'aa, unadhani mvua imenyesha. Nikaonja kwa ulimi: chumvi. Baada ya siku chache ncha za majani ya mpunga zikageuka rangi ya makuti makavu. Tulipoteza karibu bonde zima.

Tulichofanya: tuliinua tuta, tukazibua mifereji, na masika yaliyofuata tukaacha maji ya mvua yaoshe, tuyatoe, yaingie mengine. Hatukupanda kwa pupa. Na mikoko iliyobaki mbele ya tuta hatuigusi. Palipokatwa ndipo tuta lilipobomoka.

Cheju
Shikamoo mzee. Huku kwetu ni kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi. Kiangazi kinapasuka, mguu wa mbuzi unaingia ufani. Mvua zikishika, jembe linabeba udongo kilo nzima kila unapoliinua. Siku za kulima ni chache mno, katikati ya ukavu na utope. Ukizikosa, basi. Ila maji yanakaa, na mpunga wa supa unakuja vizuri.

Tungule Jambiani
Naomba msaada. Tungule (nyanya) zangu majani machanga yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani. Nimeongeza urea, hali ile ile.

Binti Mtambwe
Mdogo wangu, hilo lilinipata. Bibi shamba alinieleza kwamba matumbawe ni chokaa, na kwenye chokaa nyingi chuma kimo udongoni lakini mmea hauwezi kukivuta. Urea haitibu hilo. Mimi nilichimba mashimo mapana, nikatia samadi ya ng'ombe iliyooza barabara na majani, nikaacha wiki kadhaa ndipo nikapanda. Majani ya tungule hayakuwa kijani kama ya Pemba, lakini nilichuma. Samadi isiwe mbichi, itaunguza mizizi.

Tungule Jambiani
Ahsante dada. Ninayo samadi ya tangu vuli, imeshakuwa nyeusi na haina harufu. Naanza na mashimo kumi.