Raifo moja ya .243 kwa koyote na kulungu: tununue vichwa gani vya risasi?

Msomaji_wa_Umoja

Wasee mko poa? Swali ni refu kidogo, mnivumilie. Novemba naenda Texas kwa shemeji yangu, ako karibu na San Angelo, wanafuga mbuzi na kondoo na dadangu, na kuna hawa mbweha wa huko wanaitwa koyote wanawamalizia wana-kondoo. Shemeji ako na raifo moja tu, .243 Winchester kuukuu alinunua kwa jirani, na ameapa hanunui ingine. Anataka hio moja ipige koyote mwaka mzima, halafu msimu wa kulungu ukifunguliwa ipige kulungu pia. Risasi hujijazia mwenyewe kwa gareji, ako na mashine, mizani, kila kitu, lakini kusoma hapendi, so amenitupia kazi, ati chagua vichwa wewe (ile sehemu ya risasi inayoruka) na uniambie tunajaza aje.

Sasa nikisoma naona watu hawakubaliani kabisa. Wengine wanasema chukua vichwa vyepesi vya greni 55 ama 58 (greni ndio kipimo cha uzito wa kichwa), viende na kasi ya ajabu, kasi inaua kila kitu. Wengine wanasema kulungu ni greni 100 na hakuna mjadala. Mimi nimezoea bastola ya 9mm pale reinji, raifo si sana, na kujaza risasi sijawahi hata kuona ikifanywa. Kuna kichwa kimoja kinaweza fanya kazi zote mbili ama lazima tujaze aina mbili? Na zikiwa mbili, kila saa ni kurekebisha skopu ama vipi?

Sauti_ya_Nyika

Kwani tuko nchi gani hapa? Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977. Tusianze kufundishana kuua wanyama.

Msomaji_wa_Umoja

@Sauti_ya_Nyika nimesema Texas bro, rudia kusoma. Hapa hata nyani akimaliza mahindi ya shosho unapigia KWS, wale wa wanyamapori, simu na unangoja.

Babu_Langata

Mwache aulize, swali lake ni halali huko anakoenda. Mimi nimekua nikiwasikiliza wazee waliofanya kazi na makampuni ya safari kabla ya hio marufuku, wale wa enzi za chama cha wawindaji wa kulipwa kilichoanzishwa pale Norfolk Hotel mwaka 1934, na hakuna hata mmoja nilimsikia akisifu kasi peke yake. Walikuwa wanauliza kwanza risasi imetengenezwaje. Si mnamjua yule Bell wa Karamoja, aliua ndovu wengi sana na .275, bunduki ambayo leo mtu angecheka ukimwambia ni ya ndovu, lakini alikuwa anatumia vichwa virefu vigumu visivyofunguka na alijua ubongo uko wapi. Simwambii mtu amuige, risasi ni ile ile ndogo, kilichofanya kazi ni umbo la kichwa na mahali kilipoingia.

Kwa hivyo kijana usianze na uzito. Anza na gamba.

Mkenya_Abilene

Jirani karibu! Abilene na San Angelo si mbali, na hio .243 naijua vizuri kwa sababu ndio yangu pia, na mimi hujaza risasi zangu, so wacha niandike polepole.

Mzee amesema ukweli hapo juu. Kichwa cha risasi ya raifo kwa kawaida ni madini ya risasi (lead) laini ndani na gamba la shaba nje. Cha koyote kimetengenezwa na gamba jembamba sana, mara nyingi na ncha ya plastiki, ndio kikigusa tu kipasuke vipande vipande. Kwa mnyama wa kilo kumi na kitu hio ni sawa kabisa, anaanguka hapo hapo. Sasa chukua hicho hicho upige kulungu kwa bega. Kinapasukia juu ya mfupa, kinachimba shimo pana la nyama iliyosagika lenye kina cha vidole viwili vitatu, na mapafu hayajaguswa. Kulungu anakimbia na hio kidonda unamtafuta mpaka usiku. Cha kulungu kinatakiwa kifunguke polepole huku kikiendelea kwenda mbele.

Na uzito unadanganya. Angalia hii, Hornady wako na V-Max ya greni 87, hio ni ya koyote. Barnes wako na TTSX ya greni 80, shaba tupu bila risasi ndani, hio ni ya kulungu na inapita ikatokea upande ule mwingine. Yaani ile nyepesi ndio ya mnyama mkubwa. Sierra nao wako na greni 85 mbili tofauti, boksi moja imeandikwa Varminter na ingine GameKing, uzito ni ule ule lakini kazi ni tofauti. Ukituma shemeji dukani umwambie tu "leta 85" anaweza rudi na ile siyo.

Ningekuwa wewe ningechukua hio 85 GameKing yenye tundu mbele na mkia uliochongwa. Imekuwa kwa soko miaka mingi na watu wa .243 wanaiheshimu kwa sababu hiyo hiyo unauliza, inafunguka vizuri kwa koyote na kwa kulungu wa huku, ambao si wakubwa hivyo, inafika ndani ukimpiga nyuma ya bega. Usilazimishe kupita kwa mfupa wa bega nayo. Kama shemeji anapenda kupiga bega basi Nosler Partition, iko na ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inafunguka na nusu ya nyuma inabaki nzima inaendelea kusukuma. Bei yake si ya kupigia koyote lakini.

Mkenya_Abilene

Nimesahau swali la skopu. Vichwa viwili tofauti havigongi mahali pamoja hata ukipenda, na tofauti si ya juu na chini tu, wakati mwingine ni ya kando. Kuna wale hujaza ya kulungu kwanza, wanapiga ziro (kurekebisha skopu igonge pale unapolenga kwa umbali fulani), halafu wanachezea ile ya koyote mpaka wapate kipimo kinachogonga karibu na hapo. Inawezekana lakini inakula baruti, praima (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) na Jumamosi zako. Kwa mtu ako na raifo moja na hapendi kusoma, jaza aina moja. Koyote hatalalamika ati amepigwa na risasi ya kulungu.

Labda kama anauza ngozi, hapo ni mambo mengine.

Msomaji_wa_Umoja

Ngozi hata hataki kuziona, anataka wana-kondoo wake tu. Asante sana mkubwa, hio ya boksi mbili za Sierra sikuwa naijua kabisa. Sasa kuna mtu ameniambia inbox ati kabla ya kuchagua nijue msokoto wa mtutu. Ni nini hio na inapimwa aje?

Greni100_Tu

Ni mistari ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi. Kadiri kichwa ni kirefu ndio kinataka kuzungushwa haraka zaidi, la sivyo kinaenda kikiyumba na kinatoboa karatasi kwa ubavu. .243 nyingi huzungusha mara moja kwa kila inchi 10, na hio inabeba greni 100 za kawaida bila shida. Vile vichwa vipya vyembamba virefu vya greni 105 na kuendelea, vya kulenga mbali, vinataka 8 ama hapo karibu.

Kupima: hakikisha bunduki haina kitu, tena angalia mara ya pili. Chukua fimbo ya kusafisha ile ambayo mkono wake unazunguka wenyewe, weka kitambaa kinachobana, isukume ndani kidogo ishike mistari. Chora alama kwa fimbo pale mdomo wa mtutu na alama ingine juu yake uione ikizunguka. Sukuma polepole mpaka ile alama ya juu irudi juu tena, chora tena pale mdomoni, toa, pima umbali kati ya hizo mbili.

Hii kitu ndio iliwahi kuzamisha bunduki nzima. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243, na Remington mwaka huo huo wakatoa .244, ganda lake hata kubwa kidogo. Lakini Remington waliweka msokoto wa 12 wakifikiria vichwa vyepesi vya wanyama wadogo, na wateja walikuwa wanataka bunduki moja ya kazi zote mbili, kama wewe, na greni 100. Wakaenda Winchester. Remington walirekebisha ikawa 9, wakaibadilisha jina 1963 wakaiita 6mm Remington, na mpaka leo haijawahi kuifikia .243.

Mimi bado ni wa greni 100 lakini. Colorado kwa mfano, kulungu sheria inataka .24 kwenda juu na kichwa kisiwe chini ya greni 70, so hizo 58 zenu huko ni kesi. Texas hawana hayo masharti, wanataka tu iwe ni risasi ya praima ya katikati, si ile ya .22 ndogo. Lakini sheria ikikuruhusu si ati mnyama amekubali.

Dada_wa_Houston

Nyinyi mnaongea vichwa na huyu kaka hata leseni hajauliza. Msomaji, unaingia na visa ya matembezi si ndio? Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza mtu wa visa ya muda kushika bunduki ama risasi, mpaka awe na moja ya vibali vinavyokubaliwa, na leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mojawapo. Kwa hivyo leseni ndio ya kwanza, kabla hata ya kushika hio raifo ya shemeji kwa gareji ukiiangalia. Na Texas ukiwa umezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 unatakiwa uwe na kozi ya usalama ya wawindaji, ukiwa umetimiza miaka 17 unaweza kuifanya mtandaoni. Ifanye ukiwa bado Nairobi.

Ingine, ukirudi, kagua mifuko ya jaketi zote na lile begi ulibeba shambani. Risasi moja imesahaulika kwa zipu ya kando, skana inaiona, na hapo JKIA hakuna mtu atataka kusikia hadithi ya koyote. Ganda tupu la kumbukumbu pia liache kwa shemeji. Na hio kazi ya kujaza usije ukaanza kuijaribu huku nyumbani, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kwa sheria ya silaha, Cap 114, hata ukiwa na leseni ya bastola.

Msomaji_wa_Umoja

Dada ubarikiwe, hio ya visa singeijua kabisa, kozi naanza wiki hii. @Greni100_Tu nimempigia shemeji video call akapima na mimi nikiangalia, ni kama inchi 10. Na ameuliza kipimo cha baruti ni ngapi, mnaweza niandikia?

Mkenya_Abilene

Hapana, na mtu yeyote akikuandikia hapa usichukue. Si uchoyo. Kila kitabu cha kujaza kinatoa kipimo cha chini na cha juu kwa kichwa hicho, baruti hiyo, na mara nyingi ganda na praima hiyo, na mtutu wake si mtutu wangu. Kikikosewa, ile bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) iko sentimita chache kutoka kwa jicho lake. Anunue kitabu cha Sierra kama anatumia vichwa vya Sierra. Baruti za kuungua polepole kiasi kama H4350 ama IMR 4350 ndio wengi wetu hutumia kwa 85 mpaka 100, lakini majina hayo mawili si kitu kimoja, kipimo cha moja hakihamii kwa ingine.

Aanze chini, apande kidogo kidogo, apige tano tano kwa karatasi, na baada ya kila moja aangalie kitako cha ganda. Praima mpya iko na ukingo wa mviringo kidogo pale inapokutana na ganda. Ikianza kulala bapa kama imepigwa pasi, ama bolti ikawa nzito kuinua, ama kuwe na kidoa king'aavu cha duara pale kitakoni, arudi chini. Asiseme "wacha nimalizie hizi zilizobaki". Akibadilisha chochote, hata aina ya ganda, anaanza upya. Na kama siku moja atahamia zile za shaba tupu, asitumie kipimo cha risasi laini, zile ni ndefu zaidi kwa uzito ule ule, zinakula nafasi ndani ya ganda na zinabana tofauti kwa mtutu.

Kitu kingine, kipimo cha juu kabisa hakina haja. Ziro aiweke yadi 200, kwa 100 itagonga kama inchi moja na nusu juu, kwa 300 itashuka inchi saba hivi. Shamba lake halihitaji zaidi ya hapo. Na asipige haraka haraka mfululizo mtutu ukiwa moto, .243 inakula koo la mtutu (pale kichwa kinapoanza kuingia kwa mistari), na hio yake haijulikani imepigwa ngapi na huyo jirani.

Greni100_Tu

Angalau chukueni boksi moja ya Partition muweke kando. Kuna siku atatokea dume kubwa limesimama vibaya.

Babu_Langata

Akisimama vibaya huyo hapigwi.

Msomaji_wa_Umoja

Sawa basi, tumekubaliana na shemeji ni 85 GameKing peke yake, ziro 200, kulungu ni nyuma ya bega tu na hakuna kupiga zaidi ya yadi 200 mimi nikiwa ndio nimeshika. Kitabu ameagiza. Amelalamika kidogo ati koyote wanapigwa na risasi ghali, nikamwambia ahesabu bei ya mwana-kondoo.

Mkenya_Abilene

Poa. Mwambie anunue boksi kadhaa za loti moja (zilizotengenezwa pamoja kiwandani), namba ya loti iko kwa kibandiko, na baruti pia ya loti moja, ndio asilazimike kuanza tena kupima katikati ya msimu. Praima akizipata za aina anayotaka achukue za kutosha hapo hapo, huku zimewahi kupotea madukani watu wakakaa na baruti na vichwa bila kitu cha kuviwasha. Ukifika nitumie ujumbe, niko na fimbo ya kusafisha nzuri kuliko hio yake nimeona kwa picha.