Naombeni ushauri: niendelee na kazi ya melini au niache? Tangu Jumamosi silali

Kusi Mkali
Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri, matusi tuyaweke pembeni kwanza.

Nina miaka 27, mke na mtoto mmoja. Nafanya kazi kwenye meli ya abiria na mizigo njia za visiwani, huu mwaka wa tatu. Nakagua tiketi, napanga watu, nagawa mifuko kwa wanaotapika. Jumamosi tukiwa katikati ya safari ukatoka moshi upande wa jenereta. Moto wenyewe haukuwa mkubwa, mafundi waliuzima. Ila abiria walipoona moshi walikimbilia ubavu mmoja na meli ikalala. Mimi nilikuwa deki ya juu nagawa majaketi okozi. Yamefungwa kumi kumi kwa kamba, kamba imeshiba chumvi, fundo halifunguki, ikabidi niling'ate kwa meno. Hakuna aliyekufa, alhamdulillah. Mama mmoja aliumia.

Sasa ofisi inataka kila mmoja atoe maelezo kwa maandishi. Na mimi silali. Nikifumba macho nasikia wanavyogonga. Swali langu: niendelee, au niache nitafute mtaji wa bodaboda? Mshahara mdogo ila haukosi.

Pweza Mkavu
Mkuu, bodaboda ikizima unashuka unasukuma. Meli ikizima utaisukuma wapi? Acha hiyo kazi. Ila usichukue pikipiki ya mkataba, tajiri anataka hesabu kila siku hata kama mvua imenyesha kutwa nzima. Mimi nililipa miezi kumi na moja, ukabaki mmoja, wakaja kuichukua. Kama una shamba uza, nunua yako.

Ummu Wawili
Mwanangu, kwanza mshukuru Mola, watu wote wamefika. Mimi kwetu Wete, Pemba, nimeolewa Unguja, njia hiyo naijua kama njia ya kisimani. Usiku ule wa Spice Islander, Septemba 2011, kaka yangu alikuwemo. Ilizama mkondo wa Nungwi, imebeba watu kupita kiasi. Yeye aliokoka kwa godoro. Alilishika mpaka asubuhi, na mpaka leo godoro jipya likiingizwa nyumbani anatoka nje. Wengine wa kwetu hawakuonekana hadi hii leo.

Tangu hapo nikipanda meli nakaa karibu na ngazi, na nahesabu vidato kabla haijang'oa nanga. Sali rakaa mbili, usingizi utarudi.

Kirumba Original
Umenikumbusha mbali. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba. Nilikuwa darasa la nne Mwanza, tukasikia meli imepinduka na ilikuwa imekaribia kabisa kufika. Ilibaki inaelea kifudifudi na watu ndani wakigonga bati. Wakaamua kutoboa. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikaenda chini. Zaidi ya watu 800. Baba yangu mdogo alipanda Kemondo na mpaka leo hatujui kama ni mmoja wa waliolala makaburi ya Igoma au vipi. Kila tarehe ile ikifika tunakwenda pale na kusimama tu, maana hujui uweke maua wapi.

Samahani mleta uzi, nimetoka nje ya mada.

Baharia Mstaafu
Kijana, nimesoma mara mbili. Umesema unasikia "wanavyogonga". Nani alikuwa anagonga, na alikuwa anagonga nini?

Kusi Mkali
Ni kelele tu mkuu, si unajua watu wakipaniki. Ila naomba turudi kwenye swali, niache au niendelee?

Baharia Mstaafu
Nimekaa baharini miaka thelathini. Kelele ni kitu kimoja, kugonga ni kingine. Abiria wa deki ya chini walipandia wapi?

Pweza Mkavu
Mleta uzi funguka. Daktari haponyi ugonjwa uliofichwa.

Kusi Mkali
Sawa.

Kuna geti la chuma kwenye ngazi ya mbele inayotoka deki ya chini kwenda juu. Tunalifunga kwa kofuli meli ikishaondoka, ili wa tiketi za chini wasipande kukaa daraja la kwanza. Huo utaratibu niliukuta. Ngazi ya nyuma ipo, lakini siku ile ilikuwa imezibwa na magunia ya vitunguu, na moshi ulitokea hukohuko.

Ufunguo ninao mimi.

Moshi ulipotoka nilipanda juu kwenye majaketi kwa sababu ndiyo zamu yangu. Niliwasikia wanagonga geti. Nilishuka nikafika kwenye geti nikasimama. Sikufungua. Niliona nikifungua watapanda wote mia na zaidi, uzito uhamie juu tupinduke. Na wangenikanyaga. Nilifungua baadaye, dakika saba au kumi, sina hakika. Yule mama alivunjika mkono akiwa amebanwa kwenye vyuma vya geti. Kofuli lenyewe abiria mmoja alilivurumisha baharini mbele ya macho yangu.

Maelezo ya ofisi yameshachapwa, sisi ni kusaini tu. Yameandikwa milango yote ilikuwa wazi na abiria walitangaziwa. Spika ya chini haisemi tangu Ramadhani. Nimeshasaini ukurasa wa kwanza, wa pili bado. Wameniahidi mkataba wa kudumu. Na kusema kweli, meli haikupinduka. Pengine kutofungua kwangu ndiko kulikotuokoa.

Ummu Wawili
Innalillahi. Wewe ndiye uliyekuwa nje ya geti?

Mjumbe wa Nyumba Kumi
Kijana, huo ni uongo wa maandishi, na damu ya watu haiandikwi kwa wino wa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi kazi mnaipenda kuliko utu. Katubu, kisha nenda hospitali kwa yule mama umpe pole mkono kwa mkono.

Baharia Mstaafu
Ngoja tumsikilize, amesema jambo ambalo wengi hawalisemi.

Hofu yako ya uzito si ya kijinga. MV Nyerere, Septemba 2018, ilipinduka ikiwa inaonana kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Ilipewa kibali cha watu 101, ikabeba zaidi ya mara mbili ya hao, na watu zaidi ya 220 wakafa. Lakini fikiria meli yako. Uliwafungia watu chini penye moshi. Mtu akikosa hewa hakai katikati ya deki, anakwenda dirishani, na dirisha liko ubavuni. Wote wakakimbilia ubavu usio na moshi, ndiyo maana meli ikalala. Usiseme kofuli liliizuia isipinduke, kijana, kofuli ndilo lililoilaza.

Geti unalifungua dakika ileile unayoona moshi. Unasimama pembeni ya ngazi na mgongo wako ukutani, usisimame katikati. Unawaambia ukweli: "Moshi uko nyuma, mafundi wako juu yake, tunapanda kwa zamu, wenye watoto mbele." Unachagua wanaume wawili wenye miili. Mmoja anawashika mkono wazee, mwingine anazuia mizigo isipandishwe. Juu kuna mwenzako anawagawa, hawa kulia, hawa kushoto. Hakuna anayekukanyaga ukiwa unampa njia. Watu hukanyaga kile kinachowazibia.

Na ukweli usicheleweshwe. Costa Concordia, Januari 2012 kule Italia, abiria waliambiwa ni hitilafu ya umeme. Amri ya kuiacha meli ilitoka zaidi ya saa moja baada ya kugonga mwamba, watu 32 wakafa. Sewol ya Korea Kusini, Aprili 2014, watoto wa shule walitangaziwa watulie palepale walipo. Wakatii. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi hao.

Cheti cha kusimamia umati unacho?

Kusi Mkali
Ninacho. Tulikaa darasani nusu siku, tukapiga picha tumevaa majaketi, tukapewa. Jinsi ya kusimama kwenye ngazi ndiyo naisikia kwako leo.

Baharia Mstaafu
Masomo hayo yamegharimu watu. Scandinavian Star iliungua Aprili 1990 ikitoka Oslo, wakafa 159, wengi kwa moshi kwenye korido. Wafanyakazi wengi walikuwa wageni wa meli hiyo, wengine hata lugha ya abiria hawaijui. Miaka minne baadaye meli iitwayo Estonia ikazama na watu 852. Ndipo dunia ikasema anayesimama mbele ya abiria afundishwe kweli. Wewe umepewa picha.

Kijana wa Likoni
Nawafuatilia toka Mombasa. Sisi feri ya Mtongwe ilituzoa watu 272 mwaka wa 1994, na ng'ambo unaiona kwa macho. Mamangu husema hakuna aliyewaambia kitu, watu waliona tu maji miguuni. Mpaka leo hapandi feri akikosa kushika mtoto wa mtu mkono, hata kama hamjui.

Hakimu wa Mtaa
Wakuu samahani, mnalishwa chai hapa. Nimesoma tangu mwanzo. Post ya kwanza jamaa yuko juu anang'ata kamba kwa meno. Baadaye yuko chini mbele ya geti anapima uzito wa meli kama injinia. Akaunti imefunguliwa leo. Na kofuli limetupwa baharini, ushahidi umezama kwa mpangilio mzuri kabisa. Hii ni hadithi, anataka mjaze uzi.

Pweza Mkavu
Hata mimi lile kofuli kutupwa baharini lilinigusa kidogo.

Kirumba Original
Hakimu, punguza. Kwa hiyo Bukoba nayo ni chai?

Hakimu wa Mtaa
Bukoba tunaijua wote. Naongelea huyu. Watu humu wamelia kwa stori za kutunga mara ngapi?

Kusi Mkali
Akaunti nimefungua leo kwa sababu ile nyingine ina jina langu, na wenzangu wa melini wananijua. Kwanza nilikuwa juu, kisha nikashuka. Nilikificha kile kipande cha kushuka kwa sababu ndicho kinachoniamsha. Kama ningetaka kutunga, ningejiweka nimefungua geti.

Hakimu wa Mtaa
Sawa. Jibu moja tu. Kofuli limetupwa. Ufunguo uko wapi?

Kusi Mkali
Kwenye mfuko wa suruali ya kazi, imetundikwa nyuma ya mlango. Ufunguo mdogo wa shaba, nimeufunga kwa uzi wa nyavu wa kijani na kizibo cha soda nilichokitoboa kwa msumari ili usinipotelee ndani ya mfuko. Jana mke wangu alitaka kuifua ile suruali nikamfokea. Hakuna aliyeniuliza ufunguo, si ofisi wala nahodha.

Hakimu wa Mtaa
Neno langu la chai nalifuta. Samahani ndugu.

Baharia Mstaafu
Usiutupe. Omba karatasi tupu, andika kwa mkono wako: saa ngapi ulifunga, saa ngapi ulifungua, nani alikupa utaratibu wa kufunga, magunia yalikuwa ngazi gani, spika imekufa tangu lini. Ukurasa wa kwanza uliosaini, andika kwamba ulisaini kabla hujasoma vizuri, kama ndivyo. Piga picha kila karatasi kabla hujaitoa mkononi. Mkataba wa kudumu uliojengwa juu ya geti, siku geti likiua watakukumbuka wewe, maana saini ni yako.

Na geti likoje sasa? Wameling'oa?

Kusi Mkali
Hapana mkuu. Wameshanunua kofuli jipya, kubwa kuliko lile. Tunaondoka kesho saa moja asubuhi kwenda Pemba na niko zamu. Ufunguo wa hilo jipya nimekabidhiwa mimi leo jioni.

Ummu Wawili
Mwanangu, mimi nina tiketi ya kesho saa moja. Deki ya chini. Meli yenu ni ipi?