Tupeane uzoefu: kanuni za mwenendo kwenye mikutano ya teknolojia inayoendeshwa kwa kujitolea

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mikutano yetu mingi haina ofisi wala mwajiriwa. Ni watu wanne au watano wanaotoka kazini, wanapanga viti, wanawasha projekta, na usiku wanafagia ukumbi. Kanuni za mwenendo mara nyingi zipo, ila zimekaa chini kabisa ya tovuti. Mwaka 2012 Python Software Foundation, taasisi inayosimamia lugha ya programu ya Python, iliamua kutofadhili makongamano yasiyo na kanuni hizo, na mwaka 2014 ikatoka Contributor Covenant, kanuni za mwenendo zilizoandikwa tayari ambazo kundi lolote linaweza kuzichukua, kwa hiyo maandishi ya kunakili yanapatikana. Kazi iko kwingine: mtu anapokuvuta pembeni na kukwambia, "Yule pale ananishikashika," nani amepangwa kumsikiliza, anaandika nini, na nani ana mamlaka ya kumtoa mhusika ukumbini?

Naomba tupeane taratibu zinazofanya kazi. Naanza na maandishi yenyewe. "Tuheshimiane" peke yake haisaidii, maana kila mtu anajiona ana heshima. Taja matendo: kumgusa mtu bila ridhaa, kumwandama aliyekwisha kukataa, kumpiga picha asiyetaka, mizaha ya ngono jukwaani, kumkejeli mtu kwa kabila, dini, ulemavu au lafudhi yake. Taja mipaka: ukumbini, kwenye grupu, kwenye gari mnalopanda pamoja, na kwenye vinywaji baada ya kikao. Kisha sema nani anapokea taarifa na hatua gani zinaweza kuchukuliwa. Kurasa mbili zinatosha. Ukinakili kutoka kwa wengine, soma hadi mstari wa mwisho, kwa sababu anwani ya barua pepe ya kundi ulikonakili huachwa humo, na taarifa za watu wako zinakwenda kwa wasiohusika.

Mpokea taarifa

Msiteue mtu mmoja. Wawe wawili kila kikao, ikiwezekana wa jinsia tofauti, na siku hiyo wasipewe kazi nyingine. Mpokea taarifa anayekimbizana na waya za spika hafikiki, na mwenye shida huona aibu kumkatiza. Wavae fulana au beji ya rangi ambayo hakuna mwingine anayo. Simu iwe na laini ya kundi, si namba ya mtu binafsi. Barua pepe iwafikie watu wawili au watatu, si kamati nzima, na itumiwe ujumbe wa majaribio kabla ya kila kikao. Anwani hizi hufa kimyakimya mwenye nenosiri akihama.

Mtu akija, fuata mpangilio huu:

1. Nendeni mahali palipotulia, lakini si chumba cha kufungiana mlango. Muulize kama angependa rafiki yake awepo.
2. Kabla ya maelezo yoyote, uliza kama yuko salama sasa hivi na kama ana usafiri salama wa kurudi.
3. Mwache aseme hadi amalize. Andika maneno yake kama alivyoyatamka: saa, mahali, waliokuwa karibu, nini kilisemwa au kufanywa. Kama hataki uandike mbele yake, andika mara tu mkiachana. Ukingoja kesho utaandika tafsiri yako.
4. Usiulize "una uhakika?", "ulikuwa umevaa nini?" wala "labda alikuwa anatania?"
5. Muulize angependa nini kifanyike, ila mwambie wazi kwamba uamuzi ni wa kamati. Kumtwisha yeye adhabu ni kumwongezea mzigo.
6. Mwambie ni watu wangapi watajua. Usimwahidi siri kamili usiyoweza kuitunza.
7. Msomee ulichoandika, arekebishe.

Sasa jambo linaloharibu kuliko yote: kuwaketisha wawili hao meza moja ili "wayamalize kiutu uzima". Usuluhishi unafaa kwa watu wenye nguvu sawa waliopishana kauli. Aliyeguswa asivyotaka hana ugomvi na mtu, ametendewa. Ukimkalisha mbele ya aliyemtenda, atasema yameisha ili atoke chumbani, kisha hamtamwona tena. Na usimlazimishe mlalamikiwa kwenda kuomba radhi ana kwa ana, kwa maana hiyo ni kumpa ruhusa ya kumkaribia tena.

Kwenda polisi ni uamuzi wa aliyetendewa, msaidieni akitaka. Kwa mtoto ni tofauti, sheria za ulinzi wa watoto za nchi mliyopo ndizo zinazotawala. Zisomeni kabla ya kusajili walio chini ya miaka 18.

Mgeni kwenye kamati

Kundi letu ni la watu 15 na tunajuana wote. Kweli tunahitaji yote haya? Na mlalamikiwa akiwa ndiye mwanzilishi?

Mtunza kumbukumbu

Kujuana ndiko kunakoziba watu midomo. Kwenye kundi la watu 15, anayelalamika anajua kesho atakaa kiti cha jirani na rafiki wa mlalamikiwa. Kwa hiyo ndiyo, mnahitaji, ila kwa ukubwa wenu: wapokeaji wawili, ukurasa mmoja, laini moja ya simu.

Kuhusu mwanzilishi, andikeni mapema, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, kwamba mwenye undugu, uhusiano wa kimapenzi, ubia wa kazi au urafiki wa karibu na mhusika anatoka kwenye shauri hilo. Tafuteni pia mtu wa nje, kwa mfano mratibu wa kundi jirani la teknolojia, anayekubali kupokea taarifa zinazohusu kamati yenu. Nanyi mfanyieni hivyo hivyo. Na funguo zisiwe za mtu mmoja: akaunti ya tovuti, grupu na pesa viwe na wasimamizi wasiopungua wawili. Mwanzilishi anayeshika nenosiri zote hawezi kusimamishwa hata kamati ikiamua.

Kwa hatua zenyewe, Contributor Covenant toleo la 2.0 lina ngazi nne: kusahihishwa, onyo, kufungiwa kwa muda, kufungiwa daima. Hakuna sharti la kuzipanda moja moja. Aliyemshika mtu kwa nguvu anaweza kuanzia ya nne.

Mkizungumza na mlalamikiwa, muwe wawili, muwe na maneno mafupi yaliyokubaliwa: "Tumepata taarifa kwamba ulifanya jambo hili. Linavunja kanuni. Tunakuomba uondoke leo. Kamati itakuandikia ndani ya siku saba." Msikilizeni, andikeni anachosema, lakini msigeuze kibaraza kuwa mahakama. Msimtaje mtoa taarifa. Mara nyingine maelezo yenyewe yanamtambulisha, na hilo aambiwe mapema, kabla ninyi hamjamfuata mhusika. Kulipiza kisasi kuwe kosa linalojitegemea, hata kama lile la kwanza halikuthibitika.

Uamuzi wa kuondoka ukumbini utolewe papo hapo, wa kufungiwa usubiri kichwa kitulie. Akifungiwa, andikeni tarehe ya mwisho, au "bila kikomo" na lini anaweza kuomba kusikilizwa upya. Faili lisikae kwenye folda ambayo kila mwenye kiungo anaifungua. Orodha ya mlangoni iwe na jina na tarehe tu, bila maelezo ya kosa.

Mleta mada

Matokeo yatangazwe kwa wanachama wote? Mimi naona yatangazwe. Ukimya huzaa uvumi.

Mtunza kumbukumbu

Natofautiana nawe kidogo. Tukio lililoonekana na ukumbi mzima lijibiwe mbele ya ukumbi mzima, kwa sentensi mbili. La faraghani libaki kwa wahusika, na mtoa taarifa aambiwe kilichoamuliwa. Hilo ndilo husahaulika zaidi. PyCon ya Marekani, kongamano la watumiaji wa Python, hutoa taarifa ya jumla isiyo na majina baada ya kongamano: aina ya matukio na hatua zilizochukuliwa. Kundi dogo lifanye hivyo mara moja kwa mwaka, kwa sababu tukio moja likitangazwa wiki hiyo hiyo kila mtu atajua ni nani.

Fundi wa jukwaa

Omba slaidi siku tatu kabla. Angalia picha na mizaha. Mzungumzaji akiteleza jukwaani, mpe ishara mliyokubaliana. Akiendelea, zima kipaza sauti na utangaze mapumziko. Anayezima ajulikane mapema, vinginevyo kila mtu atamtazama mwenzake.

Kwenye maswali, kipaza sauti kishikwe na mhudumu wenu, asimkabidhi muulizaji. Sekunde 30, swali moja. Hotuba zinazojiita maswali huisha zenyewe.

Kanuni zitangazwe mwanzoni kwa dakika moja: ziko wapi, wapokeaji ni hawa (wasimame waonekane), namba ni hii. Kuisoma karatasi nzima huwafanya watu wafungue simu zao. Namba ibandikwe pia vyooni, nyuma ya mlango, ambako mtu anaweza kuinakili bila kutazamwa.

Na tusidhani kero zote ni za ngono. "Kumbe hata Git huijui?" (Git ni programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo) inamfukuza mgeni vilevile. Recurse Center ya New York, mahali watu wanapokutana kujinoa katika kuandika programu, inakataza mshangao wa kujifanya wa namna hiyo. Kuna na kanuni ya Pac-Man (yule wa mchezo wa kompyuta, duara lenye mdomo wazi) ya Eric Holscher: mkisimama duara mkizungumza, acheni nafasi ya mtu mmoja kuingia. Itajeni kabla ya mapumziko, inafuatwa palepale.

Msajili

Fomu ya usajili ni mlango wa unyanyasaji usiotazamwa. Mhudumu wa kujitolea anaona namba ya dada fulani, usiku anamwandikia "nilikuona leo". Orodha yenye namba waione watu wawili tu, mlangoni peleka yenye majina pekee, na futa namba siku 30 baada ya kikao. Mdhamini asipewe orodha ila kwa wale waliotia alama ya kukubali, na kisanduku hicho kisiwe kimejazwa tayari.

WhatsApp grupu la kawaida linaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu. Kwa matangazo tumieni Jumuiya za WhatsApp, ambako wanachama wa kawaida hawaoni namba za wenzao kwenye sehemu ya matangazo. Au Telegram, kila mtu akificha namba kwenye mipangilio ya faragha.

Mpiga picha

Kamba za beji za rangi mbili, moja ya asiyetaka picha. Nafasi ya viti visivyopigwa picha iwe na mwonekano mzuri wa jukwaa, si pembeni nyuma ya nguzo. Picha zipitiwe kabla ya kupandishwa, kwa sababu kamba hujificha chini ya koti.

Mshika mlango

Zungumzeni na mwenye ukumbi kabla, mpate kwa maandishi kwamba mna haki ya kumtoa mtu, na walinzi wajue wanamsikiliza nani kati yenu. Wakati wa kumtoa, mmoja anaongea, mwingine anasimama kando na kushuhudia. Mruhusuni achukue mkoba na chaja yake. Mtu aliyeacha kitu ana sababu ya kurudi. Mpokea taarifa wa pili abaki na aliyelalamika, upande wa pili wa ukumbi, hadi mlinzi athibitishe kwamba aliyetolewa ameondoka eneo lote, si kwamba anasubiri kwenye maegesho.